Nyumba Inauzwa, Bila Dalali

Kila asubuhi Bu Murwani, yaani Mama Murwani, alichemsha maharage ya soya kwenye sufuria kubwa. Aliyaambua maganda, akayatia hamira yake, akayafunga kwa majani ya mgomba. Baada ya siku mbili yanashikamana, yanakuwa tempe. Tempe yake ilisifika mtaa mzima. Watu walishuka ngazi kuja kununua, na wengine walishuka kuja kupiga domo tu.

Ngazi hizo ndizo zilizokuwa shida. Nyumba yao ilikuwa bondeni, kando ya mto, mjini Salatiga, kisiwani Java. Gari halifiki, pikipiki haifiki. Kila kitu kinapandishwa na kuteremshwa kwa miguu. Mumewe, Pak Wignyo, yaani Bwana Wignyo, alikuwa mgawa barua wa posta kabla ya kustaafu. Alizipanda ngazi zile akipiga mluzi. Sasa magoti yalikuwa yamekataa. Hata sala ya Ijumaa aliisalia chumbani, kwa sababu msikiti uko juu. Mchana kutwa alikaa dirishani akiwauliza wapita njia, "Huko juu kuna habari gani?" Na huko juu ni hapo tu.

Binti yao, Ratri, aliolewa Klaten, ambako ardhi ni tambarare. Siku moja alipiga simu.

"Mama, jirani yangu anauza nyumba ndogo. Haina hata kizingiti! Amekubali kuwangojea mpaka baada ya Idi. Uzeni hiyo, mje huku."

Bu Murwani alimtazama mumewe pale dirishani. Alitamani jambo lile kuliko kitu chochote.

"Mtafute dalali, Baba Ratri," alisema.

"Dalali wa nini?" Pak Wignyo aling'aka. "Apige simu mbili, alambe pesa zangu? Miaka yote nimegawa barua, nitashindwa kuandika bango moja?"

Akaliandika mwenyewe, kwa rangi nyekundu: NYUMBA INAUZWA. BILA DALALI. Mjukuu wa jirani akalitundika juu, mwanzo wa ngazi.

Kumbe bango la kuwafukuza madalali liliwaita. Wa kwanza kushuka alikuwa Giyanto, kinyozi.

"Mimi si dalali, Mama. Mimi jirani. Nikileta mtu, mtanikumbuka kwa chochote tu."

"Ndiyo, Giyanto. Asante," alijibu Bu Murwani.

Akaja mwenye kibanda cha kahawa. Ndiyo, asante. Akaja shemeji wa mjumbe wa mtaa. Ndiyo, asante sana.

Hapa lazima niseme ukweli. Bu Murwani hakujua kukataa. Kwetu Java mtoto anafundishwa mapema kwamba kumkatalia mtu usoni ni kama kumzaba kofi. Kwa hiyo unasema ndiyo, lakini uso wako unasema hapana, na mtu mwenye adabu anaelewa, anaaga. Ni desturi nzuri, sitaki kuisema vibaya. Lakini ole wako ukikutana na mtu anayetaka kusikia ndiyo tu!

Kila jirani aliitangaza nyumba kwa bei yake, na kila mmoja aliweka cha juu. Siku moja wakaja mtu na mkewe, walimu wote wawili, wanafundisha shule iliyo ng'ambo ya mto. Nyumba waliipenda. Mke alisimama jikoni akatabasamu.

"Samahani, Pak," mume aliuliza. "Bei hasa ni ipi? Kinyozi ametuambia rupia milioni mia nne themanini. Kwenye kahawa tumeambiwa mia tano."

"Mia nne na hamsini!" alisema Pak Wignyo. "Nani kawaambia mia tano?"

Walimu wakatazamana. "Tutarudi," walisema. Wakapanda ngazi, na wiki tatu zikapita kimya.

Ndipo akaja Hendrawan.

Hendrawan alikuwa kijana nadhifu, mwenye sauti ya chini. Alivua viatu mlangoni kabla hajaambiwa. Alimletea Bu Murwani keki ya tabaka kwenye boksi zuri. Mara ya pili alileta machungwa. Alikula tempe, akaomba aongezewe. Alimwita Mama kana kwamba amezaliwa nyumba ile. Na bei? Alikubali milioni mia nne na hamsini papo hapo.

"Unaona?" Pak Wignyo alimnong'oneza mkewe. "Bila dalali!"

Kabla ya kuaga, Hendrawan aliweka chini kikombe cha chai.

"Mama, kesho asubuhi nitakuja kuichukua hati ya nyumba, ile yenyewe. Rafiki yangu ni mwanasheria wa hati. Ataikagua hati hiyo kwenye ofisi ya ardhi, na keshokutwa naileta. Nitakuja na keki nyingine."

"Ndiyo, mwanangu," alisema Bu Murwani.

Alasiri ile Bu Hening alishuka kununua tempe. Aliishi juu, karibu na barabara, na ofisi yake ilikuwa nyuma ya soko. Alikuwa wakala wa kuuza nyumba, mwenye leseni. Kwa miezi miwili alikuwa akipita chini ya lile bango, na hakuwahi kusema neno.

"Leo uso unang'aa, Mama Ratri. Kuna nini?"

Bu Murwani akamweleza yote. Bu Hening akaweka tempe zake chini.

"Aliomba mpunguze bei?"

"Hata kidogo."

"Hata kidogo? Ananunua nyumba? Wewe ukinunua pilipili za kachumbari unabishana mpaka muuzaji anakununia!"

Pak Wignyo alicheka pale dirishani. Kisha akaacha kucheka.

"Simjui huyo kijana," Bu Hening aliendelea kwa upole. "Labda ni mtu mwema. Lakini hati halisi ikitoka humu ndani, inaweza kurudi nyingine inayofanana nayo. Unaiweka kabatini, unafurahi. Kumbe uliyo nayo ni ya bandia, na ile ya kweli imekwisha kuwekwa rehani. Nimeona watu wakigombania nyumba yao wenyewe mahakamani."

 Bu Murwani akaketi kwenye gunia la soya.

"Nimeshamwambia ndiyo, mdogo wangu. Nimekula keki yake."

"Basi usimfukuze. Anayetaka kuiona hati, mwonyeshe nakala. Ile halisi inafunguliwa mezani kwa mwanasheria wa hati, nanyi mmekaa hapo hapo. Mwanasheria mchague wewe, na uulize ofisi ya ardhi kama wanamtambua. Ikibidi hati ibaki kwake, akuandikie risiti. Mwambie kijana mwende pamoja. Kama ni mwema, atafurahi."

"Yaani lazima tukulipe wewe?" Pak Wignyo aliuliza kwa kushuku.

"Hapana, Pak. Mnaweza kuuza bila mimi, na wengi wanauza. Lakini bila mwanasheria wa hati, hakuna mauzo. Ndivyo sheria ilivyo, uwe na wakala au usiwe naye."

"Mbona hukutuambia siku zote?"

"Ah, Pak! Bango lenu lilinifukuza kabla sijapiga hodi."

Bu Murwani hakula vizuri jioni ile. Kumwambia mtu ndiyo, halafu umgeuke! Na mtu mwenyewe anakuita Mama! Aliona aibu, na chini ya aibu aliona hofu. Nyumba ile ndiyo mali yao yote. Ikipotea, mumewe atakufa akiwa dirishani.

Asubuhi Hendrawan alifika na boksi la keki, akaliweka mezani.

"Mama, naharakisha kidogo. Ile hati tafadhali?"

Bu Murwani alimmiminia chai. Chai ikamwagika kwenye kisahani.

"Mwanangu, hati ipo. Tutakwenda nayo pamoja. Pale sokoni yuko mwanasheria wa hati, jana niliuliza ofisi ya ardhi kwa simu, anatambulika. Nakwenda kubadili kitambaa cha kichwa, twende."

"Mama asijisumbue na ngazi. Nitaibeba mimi."

"Sijisumbui. Napanda kila siku."

"Mama haniamini?" Hendrawan alisema. Macho yake yakawa kama yanataka kulia. "Mimi nimeshamwona Mama kama mzazi wangu."

Hilo lilimchoma Bu Murwani. Alimtazama mumewe. Pak Wignyo aliinamisha kichwa, naye alikuwa anaona soni. Basi hakuna wa kumsaidia. Alishika ukingo wa meza.

"Hapana," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Hapana, mwanangu. Hati haitoki bila mimi."

 Hendrawan alitazama saa yake. Akasema amekumbuka miadi, wataenda kesho. Akasimama, akavaa viatu. Kisha akarudi ndani, akalichukua boksi la keki pale mezani, akaondoka nalo.

Mke na mume walibaki wameduwaa.

"Ameichukua keki yake," alisema Pak Wignyo.

"Ameichukua!"

"Tangu nizaliwe sijaona mgeni anayeondoka na zawadi!" Wakaanza kucheka. Walicheka mpaka Bu Murwani akajifuta machozi kwa kanga ya jikoni. Kesho yake Hendrawan hakuja, wala siku iliyofuata, na simu yake haikupatikana tena.

Jumapili walimwita Bu Hening. Pak Wignyo alimwandalia kiti mwenyewe, akichechemea.

"Haya, nieleze," alisema. "Unafanya nini cha kukulipa asilimia tatu ya bei ya nyumba?"

"Nakuuliza wewe kwanza, Pak. Unajua nyumba za bondeni zinauzwa bei gani kweli, sio bei ya kwenye kahawa? Unaweza kupanda juu kumpokea kila anayekuja? Unaweza kumchunguza mnunuzi? Na humu ndani, kuna anayeweza kumwambia mtu hapana, leo na kesho na keshokutwa? Kama mnaweza hayo, msinilipe hata rupia. Uzeni wenyewe, mwoneni tu yule mwanasheria."

Pak Wignyo alijikuna kidevu. "Mke wangu amesema hapana moja juzi."

"Na imenitosha mwaka mzima," alisema Bu Murwani.

"Basi ulizeni na wakala mwingine, mlinganishe," Bu Hening alishauri. "Anayedai malipo kabla hajauza, mwacheni."

Ratri aliulizia mawakala wengine wawili kwa simu. Mmoja alitaka malipo ya mbele, wa pili alidai asilimia kubwa zaidi. Wakarudi kwa Bu Hening, wakaandikiana mkataba: miezi mitatu, bei moja, na malipo yake ni pale fedha za nyumba zitakapoingia benki. Si kabla.

Bei ndiyo iliyomuuma Pak Wignyo. Bu Hening aliwaonyesha nyumba tatu za bondeni zilizouzwa mwaka ule. Hakuna iliyofika mia nne.

"Wewe unaniuzia au unaniibia?" alifoka.

"Nyumba ya mia nne na hamsini inafikiwa na gari, Pak. Yako inafikiwa na magoti."

Alinuna siku nzima. Kesho yake akakubali mia tatu na tisini. Bango likashushwa. Bu Hening akampitia Giyanto na wenzake, akawaambia bei sasa ni moja, na atakayeleta mnunuzi atapewa kitu kutoka kwenye fungu lake yeye. Giyanto alifurahi sana. Alikumbuka wale walimu wawili, maana mume alikuwa mteja wake wa kunyoa, akawarudisha mwenyewe.

Walimu walibembeleza bei kwa ustadi. Mke aliugusa ukuta, akashusha pumzi ndefu. Bu Murwani alikuwa jikoni akisikiliza, na neno ndiyo lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi wake. Bu Hening alitabasamu, akasema hapana. Wakashusha pumzi tena. Akawaongezea chai, akasema hapana tena. Walikubaliana milioni mia tatu themanini, na hakuna aliyemkasirikia mwenzake.

Mwanasheria wa hati aliikagua hati kwenye ofisi ya ardhi. Kodi zikalipwa, kila upande kodi yake. Siku ya kutia saini, vijana wawili wa Giyanto walimbeba Pak Wignyo kwenye kiti mpaka juu. Mwanasheria alisoma mkataba wote kwa sauti, neno kwa neno. Ratri, aliyekuja kutoka Klaten, alitazama akaunti ya benki kwenye simu, akasema fedha zimeingia. Ndipo wakatia saini. Bu Hening akalipwa asilimia zake tatu, na Pak Wignyo alizitoa bila kunung'unika. Sawa, alinung'unika kidogo.

Walihamia Klaten, kwenye ile nyumba isiyo na kizingiti, siku chache baada ya Idi.

Asubuhi moja, wiki ya kwanza, Bu Murwani aliamka akakuta upande wa mumewe mtupu. Akatazama uani, hayupo. Akatazama dirishani, hayupo.  Alitoka nje bila viatu, akiita, "Baba Ratri! Baba Ratri!"

Pak Wignyo alikuwa anakuja zake barabarani, polepole, fimbo mkono mmoja, mfuko wa plastiki wenye uji mkono wa pili. Alikuwa peke yake.

"Unapiga kelele za nini?" alisema. "Nimekwenda kununua uji. Yule mwanamke wa uji anaitwa Bu Parinten. Nyumba ile ya kijani wana mbuzi wanne. Ukipita kona, msikiti huu hapa, hauna hata ngazi moja."

Bu Murwani alitaka kumgombeza. Badala yake machozi yakamtoka, akayaacha yatoke, pale barabarani, mbele ya majirani wapya.

"Ijumaa nitakwenda," alisema Pak Wignyo. "Na usinisindikize. Njia naijua."