Rafiki wa Mheshimiwa Kithaka

Riungu alikutwa amelala kifudifudi kati ya magunia ya maharagwe, ndani ya ghala lake pale Makutano, mjini Meru, kisogo kimepasuliwa kwa jiwe la mizani la kilo tano. Ukutani zilining'inia picha kumi na moja alizopigwa akiwa pamoja na Mheshimiwa Kithaka, kiongozi wa chama, mtu ambaye akipiga chafya, Embu nzima husimama. Katika picha zote, Kithaka alitazama kamera. Riungu alimtazama Kithaka.

Inspekta Wawira alizikagua moja baada ya nyingine kwa unyenyekevu wote unaostahili mambo matakatifu. Kisha akavaa glavu.

"Mshukiwa tunaye, Madam," alisema Konstebo Muthomi. "Bawabu, Mzee Mithika. Koti lake lina damu ya marehemu. Mkuu wa polisi amepiga simu mara tatu. Anataka ashtakiwe kwa mauaji keshokutwa asubuhi."

"Mkuu amefika hapa?"

"Hajafika."

"Basi ana macho makali sana."

Mezani palikuwa na kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Kilikuwa kimefunguliwa upande mmoja. Chini ya kiti cha wageni vilitapakaa vijiti kama ishirini, na tonge la kijani lililotemwa. Wawira aliokota kijiti kwa kibano. Gome lilikuwa zima. Majani ndiyo hayakuwepo.

"Muthomi, wewe ni mtu wa Mikinduri. Hii inaliwaje?"

"Unatafuna gome. Majani unatupa." Muthomi alikunja uso. "Nani huyu amekula majani akatupa miraa? Hata mtoto wa kwetu hawezi."

"Wa kwetu anaweza."

Wawira alizaliwa Mbeere, kule chini Embu, ambako watu hutafuna muguka, ndugu wa miraa, na muguka ni majani matupu. Alilitia lile tonge kwenye mfuko wa vielelezo na kulipeleka maabara.

Mzee Mithika alikuwa ameketi sakafuni mwa seli, bila mshipi wala viatu.

"Nilitumwa mbuzi, binti. Niliporudi naye nikamkuta Riungu chini, nikamwinua. Wewe ungemwacha?"

"Mbuzi wa nini?"

"Wa kupeleka Embu, pamoja na kile kitita. Kile si cha kutafuna. Ukienda kwa watu kuomba msamaha, huendi mikono mitupu."

"Msamaha wa nini?"

Mzee alitazama mlango. "Yule msichana wa shule aliyegongwa na gari akafa mwaka jana. Riungu aliiambia korti kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, akatozwa faini. Haikuwa kweli. Aliyeendesha alikuwa rafiki yake, Mheshimiwa. Riungu alitaka kumwambia mama ya mtoto."

"Kwa nini hukuwaambia maafisa?"

"Niliwaambia. Waliandika habari za mbuzi tu."

Wawira alifungua faili. Mbuzi alikuwemo kweli: dume, mweupe, pembe mbili, mkaidi. Mheshimiwa hakuwemo. Hasira ilimpanda Wawira hadi masikio yakawaka. Mzee wa miaka sabini angefia gerezani, na mbuzi angebaki na rekodi safi.

Kesho yake mchana Wawira na Muthomi walikuwa Embu, ofisini kwa Kithaka.

"Riungu alikuwa ndugu yangu," alisema Kithaka. "Pacha wangu, naweza kusema."

"Ulimwona mara ya mwisho lini?"

"Mwezi uliopita. Sijafika Meru tangu hapo."

Wawira aliweka mezani kitita kidogo cha miraa. "Muthomi amekuletea kutoka kwao."

Kithaka alishukuru, akaendelea kuusifu urafiki kwa robo saa nzima. Vidole vyake vilichomoa vijiti kimoja kimoja, vikang'oa majani, vikayatia shavuni. Vijiti alivitupa. Muthomi alivitazama kama mtu anayetazama mazishi ya jamaa yake.

"Mheshimiwa, umekula majani na kutupa miraa," alisema Wawira.

"Ndivyo tunavyokula."

"Ndivyo. Juzi mtu alikula vivyo hivyo ghalani kwa Riungu, akatema tonge. Lina mate yake. Maabara watataka na yako."

"Watu wa Embu ni wengi, Inspekta."

"Ni wengi. Utatoa mate, au nilete amri ya korti?"

Kithaka alichukua simu.

"Mpigie Mkuu," alisema Wawira. "Umwambie pia ni nani aliyemgonga yule mtoto."

Simu ilirudi mezani taratibu.

"Nilimsihi," alisema Kithaka hatimaye. "Mimi, nilikaa kwenye kile kiti saa nzima nikimsihi. Nikawa natafuna tu bila kujua. Nikamwambia, umenibebea hili mwaka mzima, na uchaguzi umebaki miezi minne. Akasema hapati usingizi. Miaka ishirini, Inspekta, hajawahi kunikatalia kitu. Alipogeuka kukiangalia kitita chake, nikashika jiwe la mizani."

"Kwa nini?"

"Alinikatalia."

Wawira alisikia meno yake yakisagana. "Msichana yule aliitwa nani?"

"Wakili wangu ata..."

"Aliitwa Wamuyu. Simama."

Jioni hiyo, Meru, Wawira alifungua seli kwa mkono wake mwenyewe. Mithika akatoka, Kithaka akaingia, akasimama katikati akitafuta mahali pasafi pa kukalia. Mzee alimnyooshea blanketi.

"Chukua, Mheshimiwa. Lina chawa, lakini hao hawamkatai mtu."