Simba wa Paani na Roho ya Nobue

Nobue alimeza supu ya nguruwe ikiwa bado inatokota, akajimiminia nyingine. Mama mkwe wake, Uto, akashusha vijiti vyake vya kulia.

"We mtoto! Hujaungua?"

"Labda nimeungua," Nobue akajibu.

Ilikuwa wiki ya saba tangu trekta la miwa limlalie mumewe, Seijun. Nobue alipoitwa kumwona alianguka palepale shambani, na tangu siku hiyo hakuwahi kutoa chozi. Majirani walimsifu kwa ujasiri. Mimi nasema wangemtazama macho kwanza.

Siku ya tatu ya msiba, Uto, akihofu kwamba kifo kikishazoea nyumba hakibishi tena hodi, alimwita fundi Zenko. Kwa vigae vilivyobaki na chokaa, fundi akamfinyanga shisa, simba wa paani wa kuzuia mapepo, kinywa wazi, meno nje. Kisha akawapanga uani Uto, Nobue na bintiye Kazumi wa miaka tisa, ili simba awaone watu wake.

"Simameni vizuri," akatania. "Ambaye simba hamjui leo, kesho ni kitoweo chake."

Tangu hapo, kila alasiri watoto wakitoka shule, mtu alilia upande wa shambani. Kila siku sauti ilisogea, ikaja na harufu ya miwa iliyokatwa karibuni, mpaka ikafika langoni. Kazumi alichungulia, asione mtu. Juu yake vigae vilitetema kwa mngurumo wa simba.

"Ni pepo," Uto alinong'ona. "Ahsante simba wetu, mzuie hivyohivyo."

"Bibi, ni mama huyo."

"Mama yako si huyu hapa anakunja nguo?"

"Ndiyo. Lakini sauti ni yake."

Kesho yake asubuhi Uto akamleta mganga, bibi Kamado, ambaye alirusha punje za mchele, akazitazama, kisha akamfinya Nobue mkononi kwa kucha. Nobue hakushtuka.

"Hili ni ganda," mganga akasema. "Roho yake ilidondoka shambani kwa mshtuko. Mlitakiwa mkaiite kwanza, ndipo mpandishe simba. Uto, uzee wote huo hukulijua hilo? Sasa imerudi yenyewe, na simba haijui. Kwake ni mgeni."

"Basi tumshushe simba!"

"Na mapepo yaliyojipanga nyuma ya roho hiyo nayo yaingie? Thubutu! Nobue mwenyewe asimame langoni amwambie simba, 'Huyu ni mimi, mpishe.' Basi. Lakini leo ni siku ya arobaini na tisa tangu kifo. Marehemu anaondoka duniani leo, na roho ile isipoingia itamfuata."

Alasiri Kazumi akamvuta mama yake hadi langoni. Harufu ya miwa ilikaba koo, na sauti ikaanza, sauti ya Nobue mwenyewe, ikimwita Seijun, ikisimulia trekta, na kandambili moja iliyobaki mtaroni, na mkono uliokuwa bado wa moto alipoushika, na chakula chake cha mchana kilichokuwa bado kimefungwa kitambaani, ikarudia, ikapaa, ikagongagonga lango kama mtu aliyefungiwa nje kwenye mvua, na simba juu akinguruma bila kupumzika.

"Sema, mama," Kazumi alilia, akiukumbatia mkono wake. "Nakuomba. Neno moja tu."

Nobue alimtazama mwanawe. Alijua kwamba hapa mama yeyote angelia. Alijua pia kwamba aliye nje amebeba yote yale, na akiingia ataingia nayo, na yeye hapa ndani haumwi popote.

Akainua uso kumwelekea simba.

"Simjui huyo," akasema.

Vigae vikatulia. Kilio kikakatika, na harufu ikaondoka na upepo kuelekea shambani. Uto akajifunika uso kwa nguo. Kazumi aliendelea kuushika mkono wa mama yake kwa mikono miwili, akiuminya, akiuminya tena, na mkono ule haukumshika.