Nusu ya Pili ya Kitabu

Soko la Kashaulili lilikuwa limechangamka. Nyanzala, mwanamke wa miaka thelathini na moja, alikaa nyuma ya magunia ya mchele wa Usevya, kitenge cha njano kiunoni, macho yake kwenye kitabu kisicho na jalada.

"Dada, nakuuliza mchele mara ya tatu hii, wewe unafunua ukurasa."

Aliinua uso. Alikuwa kijana mrefu, miwani ya kuchomelea vyuma juu ya paji la uso, ovaroli imetobolewatobolewa na cheche. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kitabu.

"Hicho kinaanzia ukurasa wa tisini na saba?"

"Umejuaje?"

Alichomoa mfukoni karatasi zilizoshonwa kwa uzi. "Changu kinaishia tisini na sita."

Wakacheka wote wawili. Mwalimu Sadalla wa masomo ya jioni alikuwa na nakala moja tu iliyobaki. Aliikata katikati kwa wembe, akawagawia, kila mmoja kwa siku yake, wanafunzi wawili waliochelewa kujiandikisha, ili wabadilishane baadaye. Ilikuwa riwaya ya zama za ngome za mawe na wapiganaji wa farasi huko Ulaya, miaka mia nane iliyopita. Odo, mtoto wa mhunzi, anakua, anampenda Aleta, kisha anamwacha ili akamtumikie bwana mkubwa. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa Novemba.

"Telesphor. Nusu ya kwanza."

"Nyanzala. Nusu ya pili. Haya, mchele unanunua au hununui?"

Tangu siku hiyo, kila jioni baada ya darasa, walisomeana kwa simu. Kabla ya kuanza, Nyanzala aliweka kiganja juu ya kitabu. "Bwana, nimechelewa, lakini usinifungie mlango."

"Amina," Telesphor aliitikia upande wa pili.

"Haya nisomee. Aleta katolewa mahari gani?"

"Shamba dogo na nguruwe wawili."

"Mayu! Nguruwe wawili! Kwetu Wasukuma baba angekukimbiza na fimbo."

"Basi wewe nitakuletea watatu, kipenzi."

"Jaribu uone."

Jumamosi moja Telesphor alikwenda kumchomelea Nyanzala geti la nyumba aliyopanga. Bawaba moja ikawa inagoma.

"Itazoea," alisema, "kama wewe ulivyonizoea."

Septemba mama yake Nyanzala aliugua, naye akaenda kumuuguza Usevya wiki mbili, mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha. Mama alipopata nafuu akarudi sokoni. Dina, muuza dagaa wa meza ya jirani, alimkabidhi nusu ya kwanza ya kitabu.

"Fundi wako kaacha. Kasema uisome, naye umpe yako."

Ndani kulikuwa na karatasi yenye mwandiko wa Telesphor.

"Mpenzi wangu, usinisubiri. Baba ameniposea binti wa jirani yetu kule kwetu Namanyere. Mimi ni mtoto wa kwanza, neno la baba silivuki. Wewe ndiye uliyenifanya niwe mtu. Nisamehe, na usiniulize zaidi."

Aliisoma mara tatu. Kisha akalaza kichwa juu ya gunia. "Bwana, mimi nilikuomba cheti. Huyu sikukuomba. Mbona ulinipa?"

Alizima simu. Siku tatu hakwenda darasani, wala hakuitika geti lilipogongwa. Siku ya nne alimwambia Dina, "Chukua meza yangu. Narudi nyumbani."

"Na mtihani?"

"Nitausomea na nani?"

"Basi karudishe kitabu kwanza. Utaondokaje na mali ya mwalimu, wewe mtu wa maombi?"

Alimkuta Telesphor karakana, amepiga magoti mbele ya dirisha la nondo.

"Mama! Simu yako imekuwaje? Nimegonga kwako mpaka majirani wamenichoka."

"Shika kitabu chako. Na barua yako."

Telesphor aliitazama barua, akacheka. Kisha akaona macho yake, kicheko kikakatika.

"Nyanzala, hii ni ya Odo."

"Odo alizaliwa Namanyere?"

"Ni zoezi! Lilitolewa ukiwa Usevya. Mwalimu alisema tumwandikie Aleta barua, kana kwamba Odo ni kijana wa leo wa kwetu. Hii ni nakala ya kwanza, nilikuwekea unisahihishie." Alifuta mikono, akafungua daftari. Barua ileile, na kwa wino mwekundu: kumi na nane kwa ishirini.

Aibu ilimpanda Nyanzala. Lakini hakuondoka.

"Jambo lisilo moyoni haliandikwi hivi, Telesphor."

Fundi alivua miwani.

"Binti yupo," alisema. "Baba alinitajia tangu Juni. Sikukubali, wala sikukataa. Nilipoandika hii ndipo nikaona nitakuwa mtu gani nikiendelea kunyamaza."

"Na mimi ukaniacha nicheke na nguruwe wako watatu."

"Niliogopa."

Nyanzala aliweka nusu ya pili juu ya meza ya chuma. "Ukurasa wa mia mbili na tatu. Soma." Akaenda zake.

Jumapili alirudi kutoka kanisani, bado na gauni lake jeupe la kwaya. Mfuko wa safari ulikuwa mlangoni. Geti likagongwa.

Ukurasa ule aliujua kwa moyo. Odo anarudi, anagonga, anataja vyeo vyote alivyopewa na bwana wake, na Aleta hafungui mpaka aseme yeye ni nani hasa.

"Nani?"

"Telesphor."

"Telesphor yupi?"

"Mwana wa Makarius. Fundi wa kuchomelea. Mwoga, mpaka jana saa kumi."

"Na jana saa kumi kulitokea nini?"

Mkono ulipita juu ya geti, umeshika simu. Nyanzala aliipokea, akaona "Baba" kwenye kioo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Ilikuwa sauti ya mzee, ya taratibu, yenye Kifipa ndani yake. "Huyu kijana kanisumbua tangu jana, nami nimemwachia achague. Ila kuna habari ya nguruwe sijaielewa. Kwenu wanapokea nguruwe?"

"Hapana, baba. Ng'ombe."

"Nilijua tu. Mwambie mzee wako atarajie wageni. Baada ya mtihani, lakini. Someni kwanza."

"Asante, Bwana," Nyanzala alinong'ona, na hakuwa akimwambia mzee. Akavuta komeo. Geti likagoma. Yeye akavuta, Telesphor akasukuma kwa bega.

"Nilikwambia hii bawaba!"

"Kesho nitaitengeneza."

"Kesho tunasoma," alisema, na geti likafunguka.