Baba Pia Hurithisha

Seremala alikuwa akipiga randa mbao ya mlango dada yake alipoingia karakanani. Dada alikuwa amejifunga kitambaa kichwani. Nywele zilikuwa zimepukutika kwa dawa za saratani ya titi.

"Majibu ya damu yametoka," alisema. "Nina hitilafu kwenye jeni. Nimezaliwa nayo. Huenda ndiyo iliyomuua mama. Muuguzi anataka nawe ukapimwe."

Seremala akacheka. "Mimi? Nina titi gani la kupimwa?"

"Cheka tu, kaka. Mama hakucheka."

Binti wa seremala, fundi cherehani, alikuwa amemletea baba yake chai. Akaweka birika chini. "Baba, twende. Kuuliza si ujinga."

Hospitalini, muuguzi aliwaeleza polepole. "Jeni ni maagizo ya mwili. Nusu unapata kwa mama, nusu kwa baba. Zipo jeni zinazotukinga na saratani. Moja ikiharibika, kinga inapungua. Mwanamume anaweza kuwa nayo asiugue, lakini akamrithisha mtoto. Na mwanamume mwenyewe anaweza kupata saratani ya tezi dume, hata ya titi."

"Watoto wote hurithi?"

"Hapana. Kwa kila mtoto ni kama kurusha sarafu. Anaweza kurithi, anaweza asirithi."

Seremala akapimwa. Anayo. Kisha binti yake akapimwa. Anayo pia.

"Kwa hiyo nina saratani?" binti aliuliza.

"Huna," muuguzi alijibu. "Uko kwenye hatari kubwa kuliko wengine, basi. Tutakupiga picha za matiti kila mwaka. Ukiona badiliko lolote, usingoje tarehe, njoo. Upo pia upasuaji wa kupunguza hatari. Tutauzungumzia ukiwa tayari. Uamuzi ni wako."

Walipofika nyumbani seremala akaketi uani, akainamisha kichwa.

"Mwanangu, nimekupa sumu."

"Ulipewa, ukanipa. Hakuna aliyechagua. Mbona hasira hizi za karibu nazo nimezitoa kwako, na hujaniomba radhi?"

Seremala akacheka huku machozi yakimtoka.

Mwaka wa kwanza picha zilikuwa safi. Wa pili pia. Mwaka wa tatu zikaonyesha uvimbe mdogo kama punje ya mchele. Mkono usingeweza kuuhisi. Ilikuwa saratani, lakini ilikuwa haijasambaa. Binti akapasuliwa, akatibiwa, akapona. Alirudi kwenye cherehani yake akiwa amekonda kidogo, ila mdomo ni uleule.

Seremala naye alikuwa akipimwa kila alipoitwa. Lakini mdogo wake wa kiume, fundi bomba, alikuwa bado anakwepa kupimwa, na ana mabinti wawili. Kila akipigiwa simu, yuko kazini. Asubuhi moja seremala alifunga karakana, akaenda kumgongea.

Mdogo wake alishtuka kumwona mlangoni siku ya kazi. "Kaka! Nani amefariki?"

"Hakuna," alisema seremala. "Ndiyo maana nimekuja. Vaa, twende."