Aliyeshika Tairi la Kulia

Shemeji aliingiza gari karakanani jua likizama, bila kupiga honi na bila salamu. Lilikuwa lile gari lake la porini, refu, tope limekaukia hadi kwenye vioo. Mama mkwe alishuka upande wa pili, akampita fundi, mume wa marehemu binti yake, kama mtu anavyopita gogo lililolala njiani, akaingia chumba cha nyuma kukusanya nguo za mjukuu wake.

"Kompyuta ya difu imekufa," shemeji alisema. "Niwekee swichi za mkono. Ya mbele na ya nyuma. Mvua ikinyesha usiku huu, kesho kule bondeni hapapitiki."

"Yaani nikutengenezee gari, kisha umchukulie mwanangu humohumo."

"Ningempata fundi mwingine saa hizi ningekuja kwako? Na kikaoni ulikuwepo, shemeji. Uliulizwa mbele ya watu, ukanyamaza."

Ni kweli alinyamaza. Baada ya mazishi ya mkewe hakuwa na nguvu za kubishana na mtu. Ukoo wa mkewe ulisema homa haimmalizi mtu mzima namna ile bila mkono wa mtu, na macho yote yakamgeukia yeye. Mtoto atakaa kwa bibi yake, wakasema. Yeye alikuwa akitazama vidole vyake.

Angeweza kuikataa kazi. Lakini mtoto angepanda gari hilohilo, na njia ya bondeni imepakana na korongo. Difu, ile gia inayogawa nguvu kwa matairi mawili, ikiwa wazi, tairi lililokosa mshiko huzunguka bure na gari huserereka. Ikifungwa, matairi mawili huzunguka kama kitu kimoja, na gari hupanda. Kama ni lazima aende, aende na kufuli linaloshika.

Akachukua bisibisi.

Alitoboa dashibodi matundu mawili, akapitisha waya chini ya zulia, akafunga relei, akaweka fyuzi karibu na betri. Kila swichi aliipa taa yake ndogo ya rangi ya machungwa. Mafundi wengi huiunga taa kwenye swichi yenyewe, basi. Yeye aliishusha waya mpaka kwenye difu, ili taa iwake pale tu meno ya ndani yanapoumana. Taa ya kwenye swichi inakuambia ulichoomba, si kilichotokea.

"Mikono yako haitetemeki," shemeji alisema, tochi mkononi. "Hata makaburini haikutetemeka. Mama aliiangalia sana."

"Mulika hapa. Unamulika kiatu changu."

Alipomaliza, aliinua matairi ya nyuma kwa jeki, akaweka stendi, akaiacha gia huru. Akachuchumaa kwenye tairi la kushoto.

"Bonyeza ya nyuma."

*Kliki.*

"Taa?"

"Imewaka."

Akalizungusha tairi. Yalitakiwa yaende yote mawili, upande mmoja. Yalikwenda kidogo... yakasimama.

Breki ya kulia imekamata, alifikiri. Akazunguka upande wa kulia, akasukuma. Matairi yote mawili yakazunguka, laini kabisa. Akarudi kushoto.

Yakasimama.

Halikuwa zuio la chuma. Chuma kikikamata, kinakamata. Hili lilikuwa laini. Alisukuma, likakubali kidogo, kisha likamrudishia. Kama vile upande wa pili kuna mtu amelikumbatia tairi na hataki kuliachia.

"Toa mkono kwenye tairi la kulia," alisema.

"Mkono gani? Mimi niko huku ndani."

Ndipo harufu ikamfikia. Si ya oili wala ya mpira. Dawa ya kuchua, kali, ile waliyokuwa wakimpaka mkewe kifuani wodini.

Akainama, akaingiza kichwa na mabega chini ya gari, kiganja bado kwenye tairi.

Nyuma ya tairi la kulia ilisimama miguu miwili.

Soksi za kijivu.

Alizijua. Alimvisha mkewe kwa mikono yake, siku ya mwisho, kwa kuwa alilalamika miguu inaganda, na hakumruhusu mtu yeyote azivue, hadi akazikwa nazo. Sakafu yote ilikuwa tope na oili. Soksi zilikuwa safi.

"Baridi..." sauti ilisema, chini sana. "Mlete."

Tairi likageuka lenyewe chini ya kiganja chake. Polepole. Likimvuta.

Alitoka chini ya gari akitambaa kinyumenyume. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mjukuu amelala begani, mfuko wa nguo mkononi. Alimtazama fundi usoni kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Amevaa nini?" akamnong'oneza.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Amevaa nini?"

"Soksi."

Mama mkwe akafumba macho. "Hivyohivyo anavyokuja kwangu. Anasimama miguuni pa kitanda, anasema amelala peke yake, anamtaka mwanawe. Na huyu naye kaniambia juzi kwenye simu, mama anagonga dirisha kila jioni. Wewe unadhani ni matawi."

"Mbona mlisema ni mimi? Mbele ya watu wote, mama. Mkaniita mchawi."

"Ulitaka nisemeje? Kwamba mwanangu niliyemzaa ndiye anayerudi kuchukua mtoto? Afadhali wakuchukie wewe. Wewe umezoea kunyamaza."

Alilisema bila kuomba radhi, kama mtu anayetaja bei. Shemeji hakusikia, alikuwa akiibonyeza swichi, *kliki, kliki*, akilaani kazi za watu wasiojua kazi.

Fundi alijua tabia ya marehemu. Alikuwa mwanamke wa kushika. Akishika neno, akishika ugomvi, akishika mkono wa mtu, haachii mpaka apewe kitu. Gari lingeondoka vipi, na huyo ameshika? Na likiondoka, lingefika wapi?

Akarudi chini ya gari. Akalala kifudifudi, shavu kwenye oili.

"Mwache aende," alisema taratibu. "Ana maisha huyo, hata meno ya utoto hajamaliza kung'oa. Kama ni baridi... nitabaki mimi."

Kisha vidole vya ndani ya soksi vikajikunja, kimoja baada ya kingine.

Tairi likaachia.

Shemeji alijaribu mbele, akajaribu nyuma. Taa zikawaka na kuzima sawasawa. "Kumbe unaweza ukitaka," alisema, akashusha gari na kuwasha injini. Mtoto aliamka akipakiwa. Akatazama karakana, juu ya bega la baba yake.

"Bibi, mama haji?"

Fundi alimfunga mkanda, akamshika kichwa kidogo, akaufunga mlango wa gari. Mama mkwe alishusha kioo.

"Usiku huu jifungie, mwanangu," alisema.

Hakuwa amewahi kumwita hivyo.

Mvua ilianza gari likiwa kwenye kona. Fundi alisimama hadi taa nyekundu zilipopotea, akazima taa ya karakana, akaingia chumbani. Mlango aliuacha wazi. Akalala upande wa ukutani.

Asubuhi simu iliita. Walikuwa wamepita bonde salama, mama mkwe alisema. Kufuli zilishika, gari lilipanda kama liko kwenye lami. Mtoto alilala fofofo, hakuota, hakuita mtu. Sasa anakula.

"Namshukuru Mungu," fundi alisema.

"Na wewe? Umelala?"

"Nimelala."

"Peke yako?"

Aliifunika simu kwa kiganja, mama mkwe asije akasikia aliyekuwa akipumua pembeni yake.