Leta Nikupokee

Siku ile nilitumwa mafuta ya taa.

Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu, na kama ulikuwepo huhitaji kuelezwa. Sabuni foleni, sukari foleni, na kiberiti unaazima njiti kwa jirani. Lori lilikuwa limeshusha pipa moja pale kivukoni Kisorya. Nilisimama tangu saa nane mchana, nikaambulia nusu lita kwenye dumu la lita tano, nikashika njia ya nyumbani jua likizama.

Sikuwa na kinyongo. Siku hizo nilikuwa kijana wa kazi, usinione hivi nilivyo leo. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na kichwani nilikuwa na jambo moja tu: mbio. Mkoa ulikuwa umeandaa mbio za siku nne. Kisorya hadi Kibara. Kibara hadi Bunda. Bunda kupanda milima ya Ikizu na kushukia Butiama. Butiama hadi Musoma mjini. Kila jioni mnalala, kila alfajiri mnaondoka. Watatu wa kwanza wangeajiriwa kwenye kiwanda cha kukamua mbegu za pamba, wawe timu ya kiwanda. Ajira, mwaka ule! Baba alikuwa ameshazama ziwani, na nyumbani tulibaki watatu: mama yetu Ursula, mimi Florian, na mdogo wangu Tereza, wa miaka kumi na minne. Asubuhi michembe ya viazi vikavu, usiku ugali wa muhogo. Kazi ile ingetuokoa.

Hofu yangu ilikuwa siku ya pili. Kukimbia kutwa nzima niliweza. Kuamka kesho yake na kukimbia tena juu ya uchovu wa jana, hapo ndipo nilipoishiwa.

Penye njia panda, kando ya rundo la mawe, alikuwa amekaa bibi mmoja. Sikumfahamu, na kijijini kwetu nilimfahamu kila mtu. Mbele yake palikuwa na kapu limefunikwa majani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nipokee kidogo. Nimechoka."

Nililibeba. Lilinuka udongo uliochimbwa sasa hivi. Na lilikuwa zito... hatua kumi za kwanza nilijikaza, hatua ya ishirini nikaanza kupepesuka. Ndani hakikusikika kitu. Tulipovuka njia panda, bibi akanyoosha mkono mmoja, mwembamba, akalichukua kama anachukua kitambaa.

"Asante. Unakwenda mbio, wewe?"

"Ndiyo, bibi. Naogopa kuchoka tu."

"Kuchoka ni mzigo. Mzigo unapokelewaga." Akanisogelea. "Wewe ukifika nyumbani na mzigo, nani anakupokeaga?"

Kwetu hilo ni swali la kawaida kabisa. Mtu haingii uani kwake amebeba mzigo wake mwenyewe, ni aibu kwa walio ndani. Mtoto akikuona tu anatoka mbio, mikono mbele. Nami nilijibu kama mtu yeyote wa kwetu angejibu, bila kufikiri.

"Mdogo wangu. Tereza."

"Tereza," alisema polepole. Halafu tena, kwa sauti ya chini zaidi, "Tereza. Basi hutachoka."

Nilicheka. Nikapiga hatua mbili, nikageuka nimuage. Njia ilikuwa nyeupe, wazi, pande zote.

Hapakuwa na mtu.

Nilitembea haraka, nakiri. Nilipoona moshi wa jikoni kwetu roho ikatulia. Tereza akatoka mbio uani, kama kawaida yake.

"Leta, kaka, nikupokee!"

Akashika dumu. Akainama nalo hadi chini, kiuno kimepinda.

"Kaka! Umeweka mawe humu?"

Nusu lita ya mafuta ya taa. Nilimwambia aache utani.

Tuliondoka Kisorya watu thelathini na wanne. Wengine walikuwa na raba, wengine katambuga za matairi, mimi peku. Kufika Kibara jua lilikuwa limeshatuchoma vya kutosha, na tulipolala kwenye sakafu ya darasa wanaume wazima waliugulia kama wagonjwa. Mimi nilikaa, nikaegemea ukuta, nikafumba macho. Miguu ilikuwa inawaka.

Ndipo nikasikia mikono. Midogo. Ikanishika mabegani, ikainua kitu na kukiondoa.

*Leta, kaka.*

Nilifumbua macho. Wenzangu tu, na harufu ya udongo mbichi ikipita. Nikasema ni ndoto. Lakini asubuhi niliamka mwepesi, nyayo laini, bila hata lengelenge moja. Nilifurahi. Huo ndio ukweli wangu, na siufichi: nilifurahi.

Siku ya pili, Kibara hadi Bunda, watu walianza kudondoka. Kumi walibaki kwenye vivuli vya mashamba ya pamba. Mimi nilikuwa wa nne. Jioni, chini ya Mlima Balili, mikono ilikuja tena, na sasa niliifahamu. Mkono wa kushoto una kidole kilichopinda. Tereza alikivunja akiwa mdogo, alipoanguka na ndoo.

*Leta... kaka... nikupokee.*

Alikuwa anahema.

Niliamka mzima. Nikajiambia mambo mengi. Nikajiambia nammisi mdogo wangu, ndiyo maana. Mtu akitaka kitu sana hujidanganya vizuri, na mimi nilikuwa fundi.

Siku ya tatu ilikuwa milima. Mawe, miiba, unapanda hadi unaona Bunda yote chini, unashuka, unapanda mwingine. Udongo mwekundu ulitupaka hadi magotini. Nilikimbia sambamba na Werema, askari wa jeshi aliyezaliwa hukohuko Butiama, mtu wa mapafu ya ng'ombe dume. Katikati ya mlima wa mwisho alinitazama mguu, akanitazama uso, akasogea kando. Jioni tulipofika Butiama alichukua mkeka wake kutoka kando yangu na kuuvuta hadi mlangoni.

"Kuna nini, Werema?"

"Wewe hauchokagi."

"Nimefanya mazoezi."

"Hata mimi nimefanya." Alishusha sauti. "Kuna mtu anakuchokea, Florian. Mimi silali hapo."

Kabla sijamjibu, nje ya dirisha mtu aliniita jina. Alikuwa Masatu, binamu yangu, utingo wa lori la pamba. Walikuwa wamesimama Butiama kuziba pancha. Hakunisalimu.

"Tereza haamki," alinong'ona. "Tangu juzi. Miguu imevimba mpaka magotini, nyayo zimechubuka zote. Na hajatoka nje ya nyumba, Florian. Hajatoka hata kwenda kisimani."

"Malaria hiyo."

"Malaria inachubua nyayo?" Masatu aliangalia nyuma yake. "Leo mchana mama yako amemwosha. Nilikuwepo. Maji yakawa mekundu. Nikadhani damu. Ilikuwa udongo."

Kwetu Kisorya ni mchanga. Mchanga mweupe wa ziwani. Udongo mwekundu ulikuwa huku, kwenye miguu yetu sisi.

Nilijitazama. Werema alikuwa mwekundu. Wote walikuwa wekundu.

Mimi nilikuwa msafi.

"Anasemaje?" niliuliza.

"Hasemi kitu. Anauliza tu kama umefika."

Usiku ule sikukaa. Nilisimama katikati ya darasa, macho wazi, nikiomba rozari, nikidhani nisipopumzika hatakuja. Alikuja. Nilisikia pumzi tu, ndefu, ya kukwaruza, na mikono ikitetemeka mabegani mwangu ikishindwa kuinua... kisha ikainua.

Ungefanya nini? Watu wote niliowahi kuwasimulia wanasema wangeacha. Ni rahisi kusema ukiwa umeshiba. Mimi nilipanga hivi: sitaacha, ila nitatembea. Mwenye kutembea hachoki sana. Nimalize tu, niitwe nimemaliza, labda huruma ya kiwanda itanifikia. Na kweli, nusu ya njia ya Musoma nilitembea. Nilikuwa wa saba. Watu wa barabarani walinizomea na mimi niliona raha kuzomewa, maana kila hatua ya polepole nilimpa Tereza.

Halafu ziwa likaonekana, na mapaa ya mji. Wa kwanza na wa pili walikuwa wameshafika. Watatu kati ya waliokuwa mbele yangu nilishawapita, wamekaa chini wanatapika. Mbele yangu alibaki mtu mmoja, Werema, amevimba kifundo cha mguu, anachechemea. Mita mia mbili. Yeye wa tatu. Mimi wa nne.

Nilikimbia.

Sikulazimishwa na jini wala bibi. Nilikimbia kwa akili zangu, kwa nguvu zote, na miguu ilikuwa mepesi mno hata machozi yakanitoka. Nilipompita Werema hakujitahidi. Alisema tu, "Pole yake." Nikavuka mstari, watu wakanibeba. Katikati ya kelele zile nikahisi vidole mabegani, na kimoja kimepinda.

"Usinipokee!" nilipiga kelele. "Tereza, acha! Usinipokee!"

Wakadhani ni jua.

Siku mbili baadaye nilishuka kwenye lori, na barua ya ajira mfukoni na sukari kilo tano begani, zawadi ya mshindi wa tatu. Nilitembea taratibu hadi uani. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama kama hanijui. Pazia likasogea chini kabisa, usawa wa kizingiti.

Tereza alitoka kwa magoti. Alitambaa uani, kwenye mchanga, miguu ikiburuzika nyuma yake, hadi mbele yangu. Akainua mikono yote miwili.

"Karibu, kaka. Leta nikupokee."

Nilitupa mfuko ule wa sukari nyuma ya nyumba. Sukari, mwaka ule.

Kisorya hakuna aliyemfahamu bibi yule. Nilikaa penye rundo la mawe jioni baada ya jioni, nikiita, nikitukana, nikiomba. Padri alitubariki. Hospitali walimpima kila kitu, wakasema hana ugonjwa, amechoka tu, apumzike. Nilifanya kazi kiwandani miezi miwili, nabeba magunia zamu nzima bila kutoa jasho, mpaka barua ya mama iliponifikia: usiku Tereza anaugulia, mabega yameota sugu. Niliacha kazi siku hiyohiyo. Nikarudi nikakaa kwenye kiti. Kijiji kizima kilicheka, ameacha kazi, Florian amerogwa uvivu. Tereza alipata nafuu kidogo, akaweza kukaa na kusuka ukili. Miguu haikurudi. Hakuwahi kuniuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Alikufa mvua za masika za themanini na sita.

Kaburi lake nililichimba peke yangu. Vijana walikuja na majembe, nikawafukuza. Nilidhani, sasa mwenye kunipokea hayupo, uchovu utanirudia wote, wa milima yote, na niliutaka. Nilichimba kuanzia asubuhi hadi jua kutua, nikiungoja. Nilirudi uani na jembe begani, nimechoka, namshukuru Mungu kwamba nimechoka. Mama akanyanyuka kwenye mkeka wa msiba. Alikuwa hajala siku mbili.

"Leta, mwanangu," alisema, akalichukua jembe.

Niliamka kesho yake mwepesi.

Mama hakuweza kushika kikombe. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa malengelenge.

Aliishi, ashukuriwe Mungu, kwa sababu mimi nilijifunza kukaa. Ndiyo kazi yangu tangu hapo. Sasa ni mwaka wa tisini na tano, naishi Musoma, maduka yamejaa sabuni za kila rangi, kiwanda kile kimefungwa na walionicheka nao wamekaa barazani kama mimi. Mke wangu, Dorkas, ndiye anayelisha nyumba hii kwa kukaanga mapanki, mifupa ya sangara ya viwandani. Majirani wananiita Bwana Kiti. Dorkas ananisema, na ana haki. Binti yetu, Nyangi, wa miaka sita, nimemkataza jambo moja tu tangu ajue kusikia: asinipokee kitu. Hata kofia.

Jana Dorkas alishikwa na homa, na ndani hapakuwa na unga. Nilikwenda mwenyewe mashineni. Kilo ishirini, begani, nikapanda nazo kilima jua likizama. Nilipanga niutue mfuko barabarani, nje ya ua, niuburuze mwenyewe hadi ndani. Nikautua. Nikainama, nikafuta jasho kwa leso.

Leso ikatoka mkononi.

"Leta, baba!" Alikuwa amejificha nyuma ya ua, anacheka, mapengo wazi. Amejifunza kwa watoto wa jirani, ilikuwa zawadi kwangu. "Leo nimekupokea!"

Nilimpiga kofi. Nilikuwa sijawahi kumpiga mtoto. Alilia hadi akasinzia, leso mkononi.

Mimi sikulala. Nilikaa kwenye kiti changu hadi kunakucha, nikiomba maumivu ya mgongo, ya magoti, chochote. Sina. Nimenyanyuka kitini mwepesi kama kijana.

Dorkas amepata nafuu, yuko jikoni. Ameshamwita mara mbili.

Ni saa tatu asubuhi. Nyangi bado hajaamka.