Picha Iliyogeuziwa Ukuta

"Udaktari wa picha? Kwani picha nazo huugua?"

Mama Faraja, jirani, alimwuliza Beatha hivyo siku mgeni alipofika kijijini kwao Mamba. Beatha alicheka. Lakini Jumapili moja saa sita na nusu, alipotoka ibadani, kicheko kilimkauka.

Ufunguo ulikuwa palepale chini ya chungu, na mlango umefungwa. Ila sebuleni picha kubwa ya marehemu mumewe ilikuwa imegeuzwa, uso ukutani.

Mgeni, Victoria, aliyerudi naye kutoka ibadani, alikuwa akiandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya picha ambazo Wapare hutundika sebuleni. Akapekua meza yake. "Kompyuta ipo, mama. Kamera ipo. Imepotea ile picha moja tu, ya baba shambani."

Ndiyo picha pekee iliyomwonyesha marehemu kwenye masale, mimea ya kuonyesha mpaka wa shamba lake, ng'ambo ya mfereji. Masale yenyewe yalishang'olewa. Mtu wa Same alidai kuuziwa shamba lile na hakutaka kumtaja muuzaji. Jumanne baraza la kata lingeamua.

Shemeji yake Loth, mdogo wa marehemu, alipigiwa simu, akaingia amemshika Omari wa bodaboda mkono. Tangu msiba, Loth ndiye aliyemkagulia Beatha milango kila jioni.

"Huyu alileta mizigo ya mgeni. Mahali pa ufunguo anapajua."

"Shikamoo mama. Wakati wa ibada nilikuwa Same na mgonjwa. Ndugu zake waulizwe."

"Marahaba. Kaeni mnywe chai."

Beatha aliigeuza ile picha kubwa, akaweka viti viwili mbele yake. Omari akaketi, akaitazama. "Suti ilimpenda mzee." Loth alizungusha kiti kwanza, ndipo akaketi.

Beatha alimimina chai. Akaomba kimoyomoyo. "Shemeji, mbona umempa kaka yako kisogo?"

"Jua linaniumiza macho."

"Dirisha ndilo unalolitazama."

Victoria akasema taratibu, "Baba mdogo, nimeingia nyumba arobaini. Mtu baki haoni haya mbele ya picha ya mtu asiyemjua. Anayeigeuza ni aliyemkosea mwenye picha."

"Uliuza shamba la kaka yako," Beatha alisema. "Ukang'oa masale. Ukangoja tuwe ibadani, ukaja, ukashindwa kuiba kaka yako akikutazama, ukamgeuza. Geuka basi, umwambie yeye."

Loth hakugeuka. Alitoa ile picha ya shambani ndani ya koti, akailaza mezani kifudifudi, akatoka.